Kompyuta za Lumbesa

Kosa langu la kwanza katika kazi hii halikuwa la kiufundi. Niliwapa watu kompyuta tupu nikadhani nimewapa zawadi. Kwa miaka mingi nimelieleza kosa hilo kwa namna inayonipendeza mimi: kwamba watu wale hawakuelewa, kwamba bodi ile ya shule ilizoea kupima kila kitu kwa macho, kwamba dunia nzima imekubali kuishi na uchafu. Mengi ya hayo bado nayaamini. Lakini mwezi uliopita nilikwenda Iyunga kumzika Ambokile, aliyekuwa bosi wangu nilipokuwa kijana wa miaka ishirini, na mkewe, Mama Lusajo, akanivuta pembeni ya turubai akaniomba nifungue kompyuta ya marehemu nitafute picha nzuri ya kuweka mbele ya jeneza. "Wewe ndiye unayeyajua mambo yake," alisema. Niliketi chumbani kati ya mabegi ya wageni, nikabonyeza kitufe nikiwa nimejiandaa kusubiri, kwa sababu hakuna mtu Mbeya nzima aliyejaza upuuzi kwenye kompyuta kumshinda Ambokile. Ilifunguka kabla sijaiweka vizuri mapajani. Kioo kilikuwa cheusi, bila picha ya nyuma. Palikuwa na folda moja ya picha, programu moja ya kuandikia, na kwenye kona, peke yake, mchezo wa karata. Niliutambua mfumo ule kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Niliutengeneza mimi, mwaka ule ule ambao nilimdharau yeye kuliko binadamu yeyote.

Duka lake lilikuwa kando ya barabara kuu, pale malori ya Zambia yanapopunguza mwendo, na kila lori zito lilipopita meza ilitetemeka na kipanya kikasogea chenyewe. Mbele tulitoa fotokopi, tulipiga picha za paspoti, tulichapa barua za kuomba kazi na kadi za michango ya harusi. Nyuma, kwenye chumba kilichonuka wino wa mashine na maharage, ndipo nilipofanyia kazi mimi: kuwekea upya mfumo endeshi kompyuta za wateja, kazi ambayo watu wote waliiita "kupiga program". Mama Lusajo alikuwa mchapaji wetu na pia mpishi wetu. Alichapa huku sikio moja likiwa kwenye jiko la mkaa lililokuwa nje ya mlango wa nyuma, na mara nyingi alisimama katikati ya neno akaenda kugeuza ndizi. Tulikula ndizi na maharage kwenye sufuria moja, tumesimama, na mimi nilinawa mikono kabla na baada, na tena kabla ya kugusa kibodi ya mteja. Ambokile alinicheka. "Huyu angekuwa daktari," alimwambia mkewe, "mgonjwa angekufa akisubiri amalize kunawa."

Kabla ya kompyuta Ambokile alikuwa mfanyabiashara wa viazi, na hakuwahi kuacha. Alibadilisha bidhaa tu. Aliyeishi huku kwetu anaijua lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomo, halafu juu yake linashonewa kilemba, nundu nyingine ya viazi iliyofungwa kwa kamba, mpaka gunia linakuwa na bega na kichwa kama mtu. Serikali imekataza, mizani imeletwa, na magunia bado yanasimama barabarani na vilemba vyao. Kwa Ambokile hiyo ilikuwa ndiyo sheria ya dunia. Mteja aliyeleta kompyuta aliulizwa swali moja tu: "Ya kawaida au full?" Hakuna aliyetaka ya kawaida. Full maana yake ilikuwa vivinjari vitatu, vicheza muziki vinne, kinga mbili za virusi zilizokuwa zikipigana zenyewe kwa zenyewe siku nzima, Biblia, nyimbo za kwaya, programu ya kugeuza video ambayo hakuna aliyewahi kugeuzia video, na samaki wa kuogelea kwenye kioo. Kompyuta ikitoka dukani kwetu imepigwa full, uliiwasha, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukaikuta bado inajikuna.

"Bosi, hii mashine ina kumbukumbu ndogo," nilimwambia siku moja. "Ukiiwekea vyote hivi unaiua."

"Dogo, nani kakwambia mteja anataka mashine? Mteja anataka kilemba. Gunia lisilo na kilemba utalitembeza kutoka hapa mpaka Tunduma, hakuna anayeliinua."

"Kilemba hakifanyi kazi yoyote."

"Hata kilemba cha kichwani hakifanyi kazi. Mama Lusajo, kilemba chako kinafanya kazi gani?"

"Kinazuia nisikusikie," alisema Mama Lusajo bila kuacha kuchapa.

Ningependa kusema kwamba dharau yangu iliishia kwa Ambokile, lakini alikuwa mwanafunzi tu. Walimu walikuwa wale waliotengeneza mifumo yenyewe, watu wa ng'ambo wenye digrii na viyoyozi, ambao sijui jina la hata mmoja wao na nikawachukia wote kwa pamoja. Mfumo niliojifunzia mimi uliingia kwenye CD moja na nafasi ikabaki. Uliofuata ukataka DVD. Uliofuata ukaijaza DVD ukadai flashi, na ukiufungua unakuta nini? Hali ya hewa ya mji usioujua. Habari za ndoa za waigizaji. Duka. Michezo ya peremende. Msaidizi anayekuuliza kwa Kiingereza kama unahitaji msaada, wakati msaada pekee unaouhitaji ni yeye aondoke. Barua ya kuomba kazi aliyochapa Mama Lusajo ilikuwa na urefu uleule kila mwaka, na kwa kila toleo jipya ilichukua muda zaidi kutokea kwenye kioo. Na ole wako uunganishe mtandao wa simu! Ambokile aliunganisha simu yake mara moja ili mteja aangalie matokeo ya mwanawe, na mfumo ukaona mwanya, ukavuta masasisho mpaka bando likaisha kabla jina la mtoto halijatokea. "Mwe!" alipiga kelele. "Imekula bando lote na haijashiba!" Mteja alicheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyuma nikauma kucha. Kwangu lilikuwa tusi: mtu ambaye hatakuja kuiona Iyunga alikuwa ameamua kwamba bando la hapa ni lake.

Sikusoma kompyuta popote. Nilijifunza kwa kusoma mabishano ya watu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikitafsiri neno moja moja, na aliyejifunza hivyo haamini kamwe kwamba anajua. Niliwasha kila mashine mara tatu kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe. Nilipanga nyaya kwa rangi. Niliota nimesahau kubonyeza kitu. Labda ndiyo maana nilianza kutengeneza mfumo wangu: nilichukua ule wa bure, unaoruhusu mtu kuuchambua, nikaanza kuutoa vitu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayechambua mchele. Kila nilichokitoa kilikuwa kitu kimoja pungufu cha kuogopa. Nilitoa rangi. Nilitoa sauti ya kuwaka. Nilitoa picha ya nyuma, nikatoa michezo yote, na karata niliitoa kwa furaha ya pekee. Mwisho ukabaki mfumo wa kuandika, kupiga hesabu na kusoma, na kompyuta ya zamani kabisa iliuwasha upesi kuliko mtu anavyomaliza kusalimiana na Mnyakyusa. Niliutazama ule weusi nikahisi utulivu ambao sikuwahi kuupata kanisani. Hilo nalikiri hivyo hivyo lilivyo.

Mwezi wa saba ikaja kazi ya Iringa. Shule moja ya kanisa, vilimani nje ya mji, ilikuwa imepokea kompyuta kuukuu kutoka kwa washarika wa ng'ambo, na fundi fulani msomi akaziwekea toleo jipya kabisa la mfumo, kwa kuwa jipya ni jipya. Zikafa ganzi. Mwalimu wa kompyuta, Madam Chengula, mwanamke mfupi aliyevaa sweta mbili na kitenge juu yake, alinipokea mlangoni mwa chumba akanieleza bila kulia wala kucheka: "Tunaziwasha wakati wa paredi, zinaamka wakati wa uji. Kipindi kimekwisha." Kisha akanionyesha barazani. Magunia ya mahindi ya shule yalikuwa yamepangwa pale, yamefunikwa turubai, kila moja na kilemba chake. Ghala la zamani lilikuwa limeanza kuvuja, na bodi ya shule ilishasema: siku ya kuzindua chumba, wajumbe watakuja kuona. Kompyuta zikifanya kazi, chumba ni cha Madam. Zisipofanya kazi, chumba ni cha mahindi. "Mahindi hayana haraka," alisema. "Yamekaa tu hapo yananitazama."

Nililala kwake, kwenye chumba cha mbele, chini ya mablanketi mazito yaliyonuka moshi, na kila asubuhi tulikunywa chai na viazi vya kuchemsha huku wanafunzi wakipita dirishani na pumzi zao zinaonekana. Waliongea juu yangu kama sipo. "Ndiye fundi yule?" "Mbona mdogo?" "Wa Mbeya." "Aa, basi tusahau." Niliwasikia nikaongeza bidii. Nilizifuta kompyuta zote nikaziwekea mfumo wangu, na siku ya tatu nilimwita Madam aone. Nilibonyeza, nikamsalimu kwa Kihehe, "Kamwene, Madam," naye kabla hajamaliza kuitikia, kioo kilikuwa tayari. Alishika mdomo. Akabonyeza mwenyewe, akaandika jina lake, akalifuta, akaliandika tena.

"Inafanya kazi, baba," alisema. "Lakini mbona kama nyumba iliyohamwa?"

"Ndiyo uzuri wake."

"Hata kapicha? Kaua kamoja tu?"

"Ua linakula kumbukumbu, Madam."

"Mwenyekiti wa bodi ni Mzee Kihwele. Yule anauza mbao Mafinga. Yule haamini maneno, mbao anaziangalia na kuzigonga. Mwekee kitu cha kuona."

Nilimweleza, kwa uvumilivu ambao leo ukinirudia nafunika uso, kwamba kompyuta si kalenda ya ukutani. Alivuta sweta yake akasema sawa, wewe ndiye fundi. Alijua magunia yako wapi. Mimi pia nilijua. Nilichokuwa nakilinda mimi kilikuwa ule weusi wangu.

Siku ya uzinduzi Ambokile alifika kutoka Mbeya na kamera yake, kwani duka letu pia lilipiga picha za sherehe. Wajumbe waliingia wamevaa makoti, wakasimama ukutani. Mzee Kihwele, mrefu, mikono kama mbao zake, alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya kwanza akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Kisha akatazama kioo. Kilikuwa cheusi, na maandishi madogo matatu upande wa kushoto.

"Hizi ndizo zilizotoka kwa wale ndugu wa ng'ambo?"

"Ndizo, mzee," alisema Madam.

"Nilikuwepo zinafunguliwa. Zilikuwa na picha. Zilikuwa na vitu vingi, mpaka saa. Vitu vyake viko wapi?"

Hapo ningeweza kujibu neno lolote. Nilijibu kweli, kwa fahari. "Nimevitoa, mzee."

Mjumbe mmoja akacheka puani.

"Umevitoa," alisema Mzee Kihwele polepole. "Umevipeleka wapi?"

Ndipo nilipoelewa nimesema nini. Kila mtu katika chumba kile alikuwa na shemeji au jirani aliyepeleka simu au redio kwa fundi ikarudi nyepesi. Nilianza kueleza habari za kumbukumbu na programu, maneno yakanitoka kwa kasi na kwa Kiingereza nusu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyofanana na mwizi. Madam Chengula aliingia kati. "Mzee, zinafanya kazi. Zinawaka upesi kuliko mwanzo."

"Gari lililong'olewa viti nalo linatembea, Mwalimu." Akageuka kumtazama mkuu wa shule, na mkuu wa shule, namkumbuka vizuri, akatazama barazani. Madam alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia isichukuliwe.

Ambokile akashusha kamera. "Kamwene, mzee," alisema, kwa Kihehe cha kuombea maji.

"Kamwene."

"Kijana wangu hajamaliza, tusimlaumu. Mtu akitaka kuingiza mzigo mpya anafanyaje? Anafagia ghala kwanza. Huyu amefagia. Mzigo ninao mimi." Akatoa flashi mfukoni mwa shati, akaionyesha kama mtu anayeonyesha ufunguo. "Kunyweni soda. Mkirudi, mtaona."

Waliporudi na mifupa ya kuku bado midomoni, kila kioo kilikuwa na maporomoko ya maji, na juu yake safu za vipicha: Biblia, nyimbo, ramani, saa kubwa yenye mshale mwekundu. Mzee Kihwele alisogeza kiti akaketi. Ambokile alimwekea mkono juu ya kipanya na kumfungulia kimoja kilichoandikwa "Mazoezi ya Mkono". Karata zikajipanga.

"Hizi si karata?"

"Ni za kufundishia mkono kuburuta, mzee. Hakuna hela humo ndani."

Mzee Kihwele alifikiri. "Kama hakuna hela, si kamari," alisema, akaburuta karata ya kwanza, ikamponyoka, akaburuta tena. Wajumbe wakamzunguka. Mmoja akamwambia weka nyekundu juu ya nyeusi, mwingine akasema hapana, acha mzee ajifunze. Mkuu wa shule alilazimika kukohoa mara kadhaa ili hotuba zianze. Kabla ya sala ya kufunga, Mzee Kihwele alitangaza kwamba mahindi yatafutiwe mahali pengine na kwamba ghala litaezekwa kwa mbao zake. Madam Chengula aliachia ukingo wa meza. Hakunitazama. Alimtazama Ambokile, akapiga goti kidogo.

Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nina hasira, nikisubiri watoke ili niiwashe mashine moja nipime jinsi alivyoiharibu. Nikaiwasha. Iliwaka upesi kama jana. Nikafungua vile vipicha: vitatu viliielekea Biblia ileile, vinne nyimbo zilezile, ramani ilikuwa picha tu, na saa ilikuwa ile iliyokuwemo. Zaidi ya karata na maporomoko hakuongeza karibu chochote. Nilimkuta nje anafunga kamera nikamuuliza ni nini kile.

"Kilemba," alisema. "Dogo, nimefunga viazi tangu hujazaliwa. Unafikiri ndani ya kilemba changu kulikuwa na viazi? Majani, na viazi vinne vya juu vya kuonekana. Lori lenyewe lisingepanda mlima."

"Huo ni udanganyifu."

"Ni udanganyifu," alikubali bila shida. "Na wewe ukweli wako ulikuwa unampeleka Mwalimu wa watu akafundishie chini ya mti."

"Kwa nini wateja wa dukani unawajazia kweli, sasa?"

"Wale wanafungua na kuhesabu," alisema. Halafu, akiwa ameinama kwenye begi, akaongeza kama mtu anayeomba chumvi: "Tukirudi, na mimi niwekee ile yako tupu kwenye ya kwangu. Usisahau karata."

Nilimwekea, nikiamini ataifuta ndani ya wiki. Sikumshukuru kwa siku ile ya Iringa. Nilimaliza mwaka dukani kwake nikiwa namsahihisha mbele ya wateja, kisha nikaondoka kutafuta watu wanaothamini kazi safi, na niliowakuta nimewadharau pia. Chumbani Iyunga, Mama Lusajo aliinama juu ya bega langu wakati nikipitisha zile picha. "Alikuwa hataki mtu aiguse hiyo," alisema. "Anasema za wateja ni za wateja, hii ya kwangu inapumua. Mpaka wodini alikuwa anaburuta karata." Tulichagua picha aliyokuwa amesimama mbele ya duka, kamera shingoni, anamcheka mpigaji. Nje, mpwa wake alikuwa amekwama kuchapa ratiba ya mazishi, kwa sababu kompyuta yake mpya, ya bei, ilikuwa imeamua kujisasisha, na kwenye kioo iliandika isizimwe. Waombolezaji walisimama wakiisubiri, kwa heshima, kama vile nayo imefiwa. Ratiba tukaichapia kwenye ya marehemu.

Chumba cha Madam Chengula bado ni chumba cha kompyuta, yeye amestaafu. Mifumo imezidi kunenepa. Simu yangu sasa ina msaidizi ambaye siwezi kumfukuza, na maoni yangu kuhusu waliomtia humo hayafai kuandikwa. Nami bado ninafanya kazi ileile, bado ninatoa vitu, bado ninawasha mara tatu. Kilichobadilika ni hiki: kabla sijatoa kitu namuuliza atakayeketi hapo anataka kuona nini, na namwachia picha ya nyuma na karata.